Rihani ya Nyumba ya Eda

Mume wangu alikuwa na tabia ya kuniita nikaone vitu. Wapo wanaume wanaowaita wake zao wawaletee maji, wawatafutie kofia, wawakune mgongo. Wangu aliniita nikaone. Mimi niko jikoni na moshi wangu, yeye uani amechutama mbele ya ua la boga utadhani kaangusha sindano, basi husikii ila "Njoo uone!" Nami hujibu, "Nnakuja," kisha siendi. Alikuwa akisubiri kidogo, halafu anajicheka mwenyewe na kuendelea kutazama.

Sikuwa mtu wa shamba, na sikuficha. Nilizaliwa Malindi, mtaa wa mjini Unguja, nyumba ya ghorofa, na wadudu niliowajua ni mende, mbu na kunguni, na wote hao nilijua dawa yao. Mapinduzi yalipokwisha kupita, kila nyumba ikatikisika kwa namna yake. Yetu ilitikisika hivi: mume wangu, aliyekuwa akisomesha skuli ya mjini, alipewa uhamisho wa skuli ya shamba, mbele ya Mtoni, ukiiacha barabara ya Bububu na kuingia ndani. Hakulalamika. Aliniambia habari ile kwa furaha, kama mtu aliyepandishwa cheo, na mimi nikaenda chumbani nikalia.

Tulikwenda kukaa kwa shangazi yake, bibi mkavu mwenye macho mabovu na ulimi mzima. Shamba lake kubwa lilikuwa limekatwa ekari tatu tatu wakapewa watu wengine, naye amebakiwa na nyumba, ua uliozungushiwa makuti na minazi michache. Jambo hilo hakulizungumza. Alitupa chumba cha upande wa uani, akanionyesha kisima, akanionyesha jiko, akasema, "Haya, mwanangu, hapa kwenu." Mimi nikanuna. Na sikununa siku moja, nilinuna mwaka mzima. Nilitaka taa za umeme, nilitaka sinema ya wanawake, nilitaka kusimama dirishani na kujua nani kapita na nani. Huko kilichopita mbele ya dirisha ni kuku.

Kitu kimoja tu nilikipenda, nacho ni mrihani. Niliupanda mwenyewe upande wa ukuta, pale maji ya kuogea yanapotokea, ukashika ardhi ukastawi ajabu. Kila Alkhamisi nilichuma, nikachanganya na asumini na vilua, nikafunga vikuba, vile vishada vya kubandika kifuani, nikampelekea dada yangu mjini kwa mtu wa basi. Alivaa yeye, wakavaa na majirani zake. Rihani yangu ikawa na jina Malindi. Nilikuwa siishi tena mjini, lakini harufu yangu ilikuwa ikienda kila wiki, na hilo lilinipoza kidogo.

Sasa rihani, kama unataka majani makubwa na laini, huiachi ikachanua. Ukiona kikonyo kinataka kutoa ua, unakikata. Ukiiacha, majani yanakuwa madogo na mashina yanakakamaa yanakuwa vijiti. Na hapo ndipo mimi na mume wangu tulipokuwa tukigombana, kama ule ni ugomvi.

"Niachie shina moja lichanue," aliniomba.

"La nini?"

"La wenyewe."

Wenyewe ni nyuki. Nikamwambia wenyewe ni sisi tunaomwagia maji. Akacheka. Akenda skuli, na mimi nikalikata lile shina. Aliporudi aliangalia pale ukutani, akaniangalia mimi, akasema, "Bi mkubwa wa mjini!" Alikuwa hajui kukasirika. Mara nyingine hilo ndilo lililonikasirisha.

Mambo aliyotaka niyaone hayakuwa na mwisho. Nyuki waliotoka ndani ya ua la boga wamejaa unga wa manjano mpaka machoni. Yule nyuki mweusi mnene anayetoboa boriti za paa, ambaye mimi nilitaka apuliziwe dawa, na yeye akasema bila ya huyo tusingekula pesheni. Palikuwa na mwengine mdogo aliyekuja kwenye maua ya tungule, akining'inia chini ya ua na kutoa mlio mwembamba, ziii, kama uzi wa kinanda.

"Anaitikisa poda ianguke," mume wangu alinieleza.

"Anatikisa kwa sababu hana kazi," nikamwambia. Neno hilo lilimfurahisha, akaenda kumhadithia shangazi yake. Kumbe mimi nilikuwa nimekusudia kumchoma.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya kipupwe, ardhi bado ina umande. Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka mjini, harusini, na kule nilikaa zaidi ya nilivyoaga. Nilipofika nilikuta mrihani wote wa upande wa ukuta umechanua na mwengine umeshakauka vijiti, kwa kuwa hapakuwa na wa kuukata. Nilikasirika. Nilimwambia kesho asubuhi nikimaliza chai naushukia na kisu.

Aliposwali alfajiri alitoka uani kama kawaida yake. Nilikuwa nakaanga chapati. Nikamsikia akiniita, lakini sauti haikuwa ile ya siku zote. Alinong'ona.

"Njoo uone. Taratibu."

"Nnakuja," nikasema. "Chapati itaungua."

Akaniita tena, bado kwa kunong'ona. Nikageuza chapati. Nakumbuka niliitazama ile chapati kwa umakini ambao hakuna chapati duniani inayoustahiki. Baadaye kidogo aliingia, akakaa kwenye kibao, akanywa chai yake. Jua lilikuwa limeshatoka. "Umekosa," akaniambia.

"Kesho," nikamwambia.

"Kesho, inshaallah. Lakini usikate rihani leo."

Nikamwambia sikati. Akachukua baiskeli yake akaenda. Adhuhuri walimrudisha wamembeba. Alianguka mbele ya darasa, akiwa na chaki mkononi, na hakuamka. Hakuwa mgonjwa, hakuwa mzee. Sitaeleza siku ile. Baiskeli yake ililetwa jioni na mwalimu mwenzake, ikaegemezwa kwenye ukuta wa uani.

Dada yangu alikuja na jamaa wa mjini, akakaa na mimi mpaka khitma. Siku anaondoka nilimshika mkono mlangoni. Nilimwambia, "Siku nitakayotoka eda usiniache hapa hata usiku mmoja." Akaniapia. Dada yangu akiapa ameapa, na mimi nililijua hilo, ndiyo maana nikamwambia yeye.

Eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, na mwanamke huikaa nyumba ileile aliyokuwa akikaa na mumewe. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikitafuta kila sababu ya kwenda mjini, ikanilazimu nikae shamba bila ya kutoka mlangoni. Nilivaa bafta nyeupe. Hakuna wanja, hakuna hina, hakuna udi, hakuna marashi. Shangazi ndiye aliyenilea katika eda hiyo, na sheria zake zilikuwa nyingi. Nyingine nazijua ni za dini, nyingine nadhani alizitunga mwenyewe, na sikuwa na nguvu ya kuzipambanua. Mojawapo ilikuwa kwamba nyumba ya eda haichumwi rihani, wala asumini, wala kilua. "Utamvalia nani?" aliniuliza. Nyingine ilikuwa kwamba mtu wa eda hatoki uani mpaka jua lichomoze, kwa ajili ya umande na vinavyotembea na umande.

Basi rihani ikaachwa. Ikachanua yote, vikonyo virefu vyenye maua meupe, na nyuki wakashuka kama waliotangaziwa. Uani kulikuwa na mvumo tangu jua linapopata nguvu mpaka alasiri. Sikuwa na pa kwenda. Nilikaa kwenye kibao chake, mgongo ukutani, nikatazama.

Nitasema kweli, mwanzo sikutazama nyuki. Nilikuwa nimeshikwa na jambo moja lililonila usiku na mchana: asubuhi ile alikuwa ananiitia nini? Mambo yote ya nyuma aliyoniitia sikuyaona kwa kupenda kwangu, na niliweza kujiambia hayakuwa na maana. Lakini lile la mwisho nililitaka. Niliona nikilijua nitakuwa nimekwenda aliponiita, ijapokuwa nimechelewa. Nililitaka kwa hasira, kama mtu anayedai chake.

Nilichokuwa nacho ni mahali na kule kunong'ona. Mahali palikuwa pale penye mrihani, nilizisikia kandambili zake. Na kunong'ona kulinipa kazi kubwa. Mtu hanong'oni mbele ya nyuki. Siku zote alikuwa akisema nao kwa sauti, akiwauliza habari za huko walikotoka. Kwa hiyo nilitafuta kitu ambacho ukisema kwa nguvu kitakimbia.

Nilimwona ndege chozi, yule mdogo anayeng'ara shingo, akija kunyonya kwenye ua la mgomba. Nikasema ndiye huyu. Lakini chozi alikuwa na kelele kuliko mimi, na haogopi mtu. Nilimwona kinyonga kwenye ua wa makuti, akitembea kwa kujishauri, akafyatua ulimi akala nzi mbele ya macho yangu. Nilipiga yowe, nikamwita shangazi, na kinyonga akabaki palepale akizungusha macho. Si yeye. Nikamwona nyigu mwembamba kiuno akileta donge la tope kwenye bomba la usukani wa ile baiskeli, pale mpira wa kushikia ulipotoka. Akaingiza buibui mmoja baada ya mwengine, akaziba. Nilimkatalia kila mtu kuisogeza baiskeli. Nilikaa naye mpaka kazi yake ikaisha, na nilipokumbuka kuwa nilikuwa natafuta kitu kingine, niliona haya.

Ndivyo ilivyokwenda. Nilianza kwa kutafuta, nikajikuta natazama tu. Nilijua nyuki wa asali wanafika saa ngapi na wanaanzia kona ipi. Niliwajua wale wadogo weusi wasiouma wanaong'ang'ania jasho. Nilimjua yule wa kwenye tungule, mwenye ziii, nikaona kwamba ana tumbo jeusi lenye mikanda ya rangi ya samawati, rangi nzuri ambayo ningeiona dukani ningenunua kitambaa chake. Alikuwa haketi kama wenzake. Husimama hewani mbele ya ua, akalipima, akaingia, akatoka. Mara nyingine alisimama mbele ya uso wangu akanipima na mimi.

Shangazi aliniona nimebadilika. "Hebu sema kweli," aliniambia siku moja, tunachambua mchicha. "Unaomboleza au unachunga?"

"Vyote, shangazi."

"Yeye tangu mdogo ndiyo kazi yake hiyo. Nilikuwa nkimtuma kuni, narudi namkuta kachutama. Nkampiga, akacheka." Akatupa shina la mchicha, kisha akasema, "Ningelijua nisingelimpiga."

Nami nikawaza kwamba angalau yeye alikwenda pale alipokuwa, ijapokuwa kwa fimbo.

Eda ikawa inakaribia kwisha na sikuwa nimepata jibu. Nilikuwa nimekwisha kulikatia tamaa. Ikatokea alfajiri moja shangazi akaamka na homa, anatetemeka, akaniomba maji ya moto. Kuni zilikuwa uani, chini ya kipaa karibu na bafu. Nikamkumbusha sheria yake. "Nenda," akasema huku meno yanagongana, "sheria nimeiweka mimi, na mimi nina baridi."

Nikatoka. Mwanga ulikuwa mdogo, ule wa kutambua mti na mtu. Nilipita karibu na mrihani, mkono wangu ukagusa kijiti, na umande ukanimwagikia. Nikainama kukung'uta nguo. Hapo nikawaona.

Walikuwa wamelala. Walikuwa wale wenye mikanda ya samawati, kwenye kijiti kimoja kikavu, wamefuatana kutoka juu mpaka chini. Kila mmoja alikuwa amekiuma kijiti kwa meno yake, miguu ameikunja tumboni, hakushika kwa kitu kingine chochote, na mwili umebaki hewani kama nguo iliyobanwa kambani. Kila mmoja alikuwa na umande mgongoni. Kijiti cha pili vilevile, na cha tatu. Mdudu ninayemjua hatulii hata nukta moja alikuwa ametulia kabisa, amejishika duniani kwa mdomo.

Nikasikia mtu ananong'ona "Subhanallah", na nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechutama. Sikukumbuka kuchutama, lakini nilikuwa pale chini, nguo nyeupe kwenye tope la maji ya bafu, mahali palepale alipochutama yeye. Bila shaka alinong'ona asije akawaamsha. Na kama ningesogea hatua chache tu, na chapati ikaungua, tungewatazama pamoja, mabega yamegusana, naye angefurahi siku nzima. Alibakiwa na siku fupi ya kufurahi. Nilijuta pale kwa namna ambayo mpaka leo sijui kuieleza vizuri zaidi ya kusema nilijuta.

Nilikaa mpaka jua lilipogusa ukuta. Mmoja akatikisa mguu, akajipangusa macho, akaachia kijiti, akaruka. Wengine wakafuata. Maji ya shangazi nikayasahau, na nilipompelekea aliniuliza kama nilikwenda kuyachota Mtoni.

Homa ilipompoa nilimchukua nikamwonyesha. Alikaza macho yake, akasogeza uso mpaka nikaogopa atawagusa. "Naona vijiti, mwanangu," akasema. "Na vijiti vyenyewe vimekauka vizuri, vinafaa kukokea moto." Nikacheka, cheko la kwanza tangu kufiwa, na yeye akacheka kwa kuwa mimi nimecheka.

Kuanzia hapo nilitoka kila alfajiri, na shangazi hakunizuia. Hazikuwa siku nyingi, lakini ziliniponya kitu. Na katika siku hizo nikaona sitaki tena kwenda mjini. Nilitaka kubaki katika nyumba ile, na yule bibi mkali, na ule mrihani ulioharibika kwa hesabu ya watu wa vikuba. Nilimwambia shangazi. Akaniambia, "Nyumba yako," kisha akajifanya anatafuta kitu ukumbini. Kilichobaki ni kumwambia dada. Nilijipangia maneno. Dada yangu, nilikuapisha kwa uchungu, sasa nakufungua kiapo, nisamehe. Niliyasema kimyakimya mpaka nikayahifadhi.

Dada alifika jioni ya mwisho na teksi nzima ya wanawake. Walileta udi, marashi, jozi ya kanga mpya, gauni lililoshonwa kwa kipimo changu cha zamani, na halua. Siku hizo mjini vitu vilikuwa vimeanza kuadimika, watu wanapanga foleni ya unga na sukari, na mimi nilijua ile halua imetoka kwenye shida. Dada alikuwa ameshanitayarishia chumba Malindi, ameshapaka chokaa, ameshatafuta kitanda. Alinieleza hayo mbele ya wote, akanikumbatia. "Nilikuapia," akasema. "Usiku mmoja hulali zaidi ya huu."

Ningesemaje? Wanawake wale walicheka, wakapika, wakalala ukumbini wamebanana. Sikupata hata dakika ya kuwa naye peke yake. Nikasema kesho, nikishaoga, nitamvuta kando.

Kutoka eda kuna kuoga kwake. Waliniamsha baada ya swala ya alfajiri, bado hakujapambazuka vizuri, wakaniingiza bafuni na maji yenye liwa, ule unga wa mti wa kunukia. Wawili walinisugua kama mwali. Lile bafu, nimeshasema, limepakana na mrihani kwa ukuta mmoja tu. Nikasikia nyayo upande wa pili, na vicheko, na sauti ya dada yangu ikisema, "Loo! Rihani ya miezi hii! Yote imechanua. Leo ndiyo siku yake." Halafu nikasikia kisu.

"Dada!" nikaita.

"Naam!"

"Njoo!"

"Nnakuja, mwanangu! Namalizia."

Nikaita tena. Yule aliyekuwa akinisugua akaniambia nitulie, sabuni itaniingia machoni. Nilikuwa uchi, na povu kichwani, na siku ya kwanza ya kurudi kwa watu. Kisu kikaendelea. Nikijiuliza leo ningeweza kufanya nini, najua ningeweza kutoka mbio hivyohivyo nilivyo. Sikutoka.

Nilipovalishwa na kutolewa uani, mrihani ulikuwa visiki. Rihani yote ilikuwa kwenye sinia kubwa, rundo zima, maua na vijiti pamoja, na wanawake wameizunguka wanachambua, wanafunga vikuba na kuimba. Walikuwa wakiikung'uta kabla ya kufunga, kutoa wadudu. Nyuki walianguka sakafuni wakiwa bado na baridi ya usiku, hawawezi kuruka, wanatembea kama walevi. Kuku wa shangazi wakaja wakawadonoa. Dada aliniangalia uso wake umejaa furaha. Alikuwa amenichumia kila kitu, hakubakisha hata kikonyo, kwa kuwa ndivyo anavyopendwa mwanamke anayetoka eda: huvishwa harufu zote alizokosa.

Maneno yangu niliyoyahifadhi hayakutoka. Nilifungua mdomo nikasema, "Ahsante, dada." Akanibandika kikuba kikubwa kifuani kwa pini, akanifukiza udi, wakapiga vigelegele. Shangazi alisimama mlangoni. Nilimwamkia shikamoo ya kumuaga, akaitikia marahaba, akanishika uso kwa mikono miwili kwa kuwa macho hayakumtosha. "Mbona hukumwambia?" akaninong'oneza. Nikatikisa kichwa. Baiskeli niliiacha pale ukutani, na nyigu wake.

Njiani wanawake waliimba mpaka tulipopita Mtoni. Mimi nilikaa dirishani.

Malindi nilipandishwa juu kwenye kile chumba cheupe, wakaniacha nipumzike. Nilifungua pini nikakiweka kikuba juu ya kitanda. Ndani yake, kati ya asumini na vilua, kulikuwa na kipande cha kijiti kikavu ambacho mtu aliyefunga hakukitoa, na kwenye kijiti alikuwepo mmoja. Alikuwa bado ameuma. Amekung'utwa, amefungwa uzi, amebanwa na gauni langu, amefukizwa udi, amepita barabara yote ile, na hakuachia. Nikachutama kando ya kitanda. Nikanong'ona, "Njoo uone," na hapakuwa na wa kunijibu hata "nnakuja".

Jua lilipoingia dirishani alitikisa mguu. Akajipangusa macho, akaachia kijiti, akasimama hewani mbele yangu na ule mlio wake, akinipima. Kisha akapita katikati ya nondo za dirisha, akapanda juu ya mabati. Alizunguka, akazunguka tena, akatafuta ukuta anaoujua. Alilala shamba akaamka Malindi, na mimi ndiye niliyekuja naye. Nilimtazama mpaka sikumwona tena.

Shangazi alifariki kabla ya kwisha mwaka uliofuata, na nyumba ikaingia mikononi mwa jamaa zake wengine. Sikurudi kukaa kule. Mjini nilipata debe la mafuta, nikalitoboa chini, nikalijaza udongo na kupanda rihani kwenye sakafu ya dari, iliyo wazi juu ya nyumba, na nikaiacha ichanue. Dada alisikitika. Alkhamisi zilipita na rihani iko juu inakakamaa, naye ananunua vikuba sokoni. "Basi hii ya nani?" akaniuliza siku moja, ameshika mkasi.

"Ina wenyewe," nikamwambia.

Akaweka mkasi chini, akanionea huruma, akidhani namsema marehemu. Kila alfajiri kabla ya mtu kuamka nilipanda ngazi kwenda kuangalia vijiti. Nilifanya hivyo miaka, mpaka debe likaoza. Mchana walikuja nyuki wengine na nzi, lakini hakuna aliyekuja kulala.